Mbuzi wa Faini

Mwandoya, 9 Machi 2025

Mwanangu Josia,

TANGAZO. Ukoo wote wa marehemu mzee Mayunga, walioko Migato, walioko Bariadi mjini na wale waliokwenda Geita kutafuta dhahabu hadi leo hawajaiona, mnatangaziwa kwamba mimi Lukresia, binti wa pili wa marehemu, nimenunua miwani. Fremu ni ya kahawia. Sherehe haitakuwepo.

Sababu ya kuwatangazia ni hii. Hadi mwezi uliopita meseji zako nilikuwa nasomewa na Jenifer wa duka la jirani. Anasoma vizuri, ila hucheka kabla hajafika panapochekesha, na kufikia jioni soko zima linajua mguu wa bibi yako umevimba kiasi gani. Sasa najisomea mwenyewe. Andika unachotaka.

Mimi sijambo, isipokuwa goti. Msalimie sana mama yangu, mwambie dawa ya kuchua imo kwenye mfuko wa bluu. Msalimie mama yako Kwandu, mdogo wako Joyness, ng'ombe wote kwa rangi zao, na yule mbwa wenu asiyebweka.

Nasikia simu yako umeifungia sandukuni kwa ajili ya Kwaresima, kwa kuwa padre amesema mjinyime mnachokipenda. Ungejinyima maharage ningekuelewa upesi zaidi. Simu ya baba yako sipigi, hilo unalijua. Basi tumerudi kwenye karatasi, na Dastan wa basi ndiye posta wetu. Ameapa hatafungua bahasha. Nimemwamini kwa sababu mwandiko wako hawezi kuusoma.

Sasa kile kikaratasi chako. Umeandika mstari mmoja tu: nzengo ikimtenga mtu, kijana Mkristo afanyeje? Jina hukutaja, lakini hapo Migato aliyetengwa na majirani wa nzengo namjua, ni Masalu. Swali lenyewe ni la padre, mimi ni muuza chumvi. Nieleze vizuri kwanza.

Ni mimi shangazi yako, mwenye macho manne.


Migato, 23 Machi 2025

Shangazi yangu, shikamoo.

Hongera kwa miwani. Bibi nilimsomea tangazo, akauliza kama ukiivaa unamwona kutoka huko. Nikamwambia bado. Dawa anasema inanukia vizuri kuliko inavyotibu. Mama na Joyness ni wazima. Mahindi ya juu yameanza kunyauka, pamba imesimama.

Ni Masalu kweli. Kiangazi kilichopita, alipofariki mzee Ndalahwa, kila mwanaume wa nzengo alitakiwa afike na jembe kuchimba kaburi, kama ilivyo kwa majirani wote huku. Masalu hakufika. Msiba uliofuata hakufika tena. Kikao kikamtoza mbuzi. Akasema maelezo hana na mbuzi hatoi. Basi ametengwa: asisalimiwe, asipewe moto, asisagiwe mashineni, asiazimwe plau. Atakayevunja atatozwa mbuzi, na akirudia atatengwa yeye na nyumba yake yote. Aliyesoma uamuzi ni baba, maana ndiye mwenyekiti wa nzengo.

Yote hayo nilikuwa nayaona huko nje na hayakuninyima usingizi. Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima yakaingia kanisani. Katekista alisema tutakiane amani. Masalu hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mke wake Shida. Watu wakageuka, wakashikana mikono mbele, nyuma, kushoto, kulia. Mikono ilipofika kwao ikawaruka. Masalu alikuwa ameshanyoosha wake. Akaushusha polepole, akaufuta kwenye suruali kana kwamba ndicho alichokusudia tangu mwanzo. Mimi nilikuwa benchi la mbele yake. Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili, na nilishukuru kwamba nimekishika.

Shangazi, mimi ni kiongozi wa vijana wa kigango. Januari tulifanya semina ya imani katika maisha ya kila siku, na mada niliitoa mwenyewe. Niliongea juu ya pombe, mitandao na wasichana wa watu. Walipiga makofi. Habari ya mkono haikuwemo.

Ninachoogopa si mbuzi. Naogopa kwa ajili ya bibi. Nikirudia, tukatengwa, halafu bibi akaondoka, nani atachimba? Nitabaki mimi na baba, na ardhi ya huku unaijua. Wewe ndiye unayesema mambo yalivyo. Nakuomba jibu moja: ndiyo au hapana.

Mwanao anayesubiri,
Josia


Mwandoya, 22 Aprili 2025

Josia mwanangu,

Pasaka imepita, tumebaki na mifupa. Kwaya yetu iliimba vizuri, ila mpiga kinanda hakujua kwamba wimbo umeisha. Mvua imenyesha jana, soko limekuwa tope. Msalimie mama yangu, mama yako, Joyness, majirani wote wanaokumbuka sura yangu, na mbwa.

Unataka ndiyo au hapana. Nimeishi miaka mingi bila kutumia hata moja kati ya hayo mawili, na duka bado limesimama.

Nikueleze jambo. Mume wangu alipofariki nilikuwa bado mgeni huku Meatu, hapa Mwandoya. Asubuhi nilifungua mlango, nikakuta uani wanaume wenye majembe, nusu yao siwajui majina. Mmoja alikuwa amenitukana wiki ile ile kwa sababu ya mizani. Huyo ndiye aliyechimba kuliko wote. Nilijua hakuja kwa kunipenda. Alikuja kwa sababu asingekuja angetengwa, na mpaka leo namshukuru, na mpaka leo hatupatani. Kutoka Migato walifika bibi yako na mama yako tu.

Kwa hiyo ukiniambia utaratibu wa nzengo ni ushamba, hatutaelewana. Kupendana kuna siku kunachelewa kuamka, jembe la nzengo huwa limeshafika. Asiyekwenda kuchimba amegusa kitu kinachotushika wote, hata sisi tunaovaa miwani.

Lakini huo mkono uliofutwa kwenye suruali umeniharibia kazi. Nimepima sukari ya watu vibaya, nimewaita warudi.

Nina shaka moja. Umeielezea adhabu vizuri mno kwa kijana ambaye bado anafikiri. Unaniuliza kabla ya kufanya, au umeshafanya unatafuta wa kufanya naye? Muulize bibi yako. Yeye ndiye mwenye kaburi.

Shangazi, ambaye hajajibu


Migato, 18 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Tumeanza kuchuma pamba shamba la chini. Bibi anakaa pembeni kwenye gunia, anatuonyesha tulizoruka. Mama anakusalimu, anasema kitenge ulichomtumia kimemfaa ila Joyness amekivaa wa kwanza. Simu imetoka sandukuni, ila haya ni ya karatasi.

Nilipokuandikia nilikuwa sijafanya. Barua yako ilipofika nilikuwa nimefanya. Ilikuwa Jumapili ya Matawi. Katekista aliposema tutakiane amani, nilikiweka kitabu cha nyimbo kwenye benchi, nikageuka. Masalu aliutazama mkono wangu kama kitu kilicholetwa kwake kwa makosa. Kisha akaushika. Mkono wake ulikuwa na jasho. Shida aliangalia dirishani. Hakuna kingine kilichotokea. Nilitegemea nitajisikia kitu kikubwa, nikajisikia njaa.

Njiani Joyness hakutaka kutembea karibu nami. Alisema nimegusa waya, nisimshike na yeye.

Kikao kilikaa Jumanne. Baba alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, mimi nikasimama. Aliniuliza kama nilijua adhabu, nikasema nilijua. Kisha akauliza, "Ulikuwa unasali, au ulikuwa unashindana na mimi?"

Nilifikiri. Nikasema, "Vyote viwili, baba."

"Cha kwanza sikutozi," alisema. "Cha pili ni mbuzi."

Wazee walicheka, yeye hakucheka. Wakaamua aliwe baada ya pamba, nyumbani kwetu, kama kawaida ya faini: aliyekosa anachinja, anapika na kuwapakulia majirani. Ni yule beberu wangu mweusi. Si vibaya, alikuwa anakula nguo.

Bibi nilimuuliza kama ulivyosema. Nilimweleza hofu yangu yote ya kaburi. Alikuwa anapepeta mtama. Akasema, "Mimi nikishakufa sitakuwa na haraka," akaendelea kupepeta. Sijui kama hiyo ni ndiyo.

Sasa na mimi nina jambo, usikasirike. Barua zako ninazo zote sandukuni, za mwaka huu na za tangu nikiwa sekondari. Unamsalimia bibi, mama, Joyness, ng'ombe kwa rangi zao, hata mbwa. Baba humsalimii. Hamjagombana mbele ya mtu yeyote, hakuna kikao kilichokaa, hakuna aliyesoma uamuzi. Nauliza tu kama na wewe una nzengo yako huko.

Mwanao,
Josia


Mwandoya, 13 Julai 2025

Josia,

Sijambo. Pamba imejaa barabarani, malori hayapishani. Wasalimie wote.

Kuhusu salamu uliyoulizia: karatasi haikutosha.

Kuhusu mbuzi: beberu ana harufu, mwambie mama yako aweke tangawizi.

Lukresia


Migato, 24 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo, na samahani.

Nilidhani hutaandika tena, kwa hiyo barua fupi nimeipokea kwa shukrani kama ndefu. Bibi sasa hatembei mbali, akili yake iko pale pale. Tangawizi ilisaidia.

Mbuzi ameliwa jana. Nikueleze ilivyokuwa, maana utazisikia habari zake kwa Dastan zikiwa zimeongezwa.

Tangu Mei nilikuwa nayafikiria yale masharti. Kosa la kwanza mbuzi, la pili kutengwa. Nikajiambia mkono nimeshautoa, sitarudia, nimetimiza wajibu. Katikati ya wiki nilikuwa naandaa somo la vijana, tulifika pale Yesu alipokaa kula na watoza ushuru. Nimelisoma somo hilo tangu kipaimara. Mara hii niliona kitu kimoja tu: kwamba alikula. Hakuwapungia mkono akapita. Nikafunga kitabu nikaenda kwa Masalu, mchana kweupe, nikamwambia Jumamosi kuna nyama kwetu, aje na mke wake. Akaniuliza kama baba anajua. Nikasema hajui. Akasema mimi ni mjinga. Nikasema karibu.

Kwa hiyo nilikuwa nimerudia kosa, na nilijua. Mama nilimwambia. Akaniambia niongeze unga.

Jumamosi wakaja wote. Mzee Mashimba, ambaye kwenye vikao ndiye mkali kuliko baba, alifika wa kwanza akakaa karibu na sufuria. Wanaume wakagawanyika kwenye masinia, wanawake upande wa jiko. Unajua watu wanavyokuwa nyama ikitua: hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nilikuwa nanawisha watu mikono, nazunguka na jagi, nikafika kwenye mikono nikaitambua. Masalu alikuwa ameingia kwa nyuma ya zizi. Nikamnawisha. Akakaa kwenye sinia la mzee Mashimba, akamega ugali, akachovya. Mzee Mashimba akachovya hapo hapo. Wengine vivyo hivyo. Shida alikuwa upande wa wanawake, bibi amemsogezea kigoda.

Aliyegundua ni mtoto, akasema jina la Masalu kwa sauti. Mikono ikasimama. Mzee Mashimba alikuwa na nyama mdomoni, hajui kama aimeze. Walihesabu haraka kichwani, niliwaona: anayekula na aliyetengwa amevunja, na walikuwa wamekula wote. Hakuna aliyekuwa amebaki nje wa kuja kuila faini yao. Isipokuwa baba. Alikuwa bado amesimama mlangoni, kwa sababu mwenyekiti hula mwisho.

Bibi aliongea kutoka kwenye kigoda chake. Hakupandisha sauti. "Sylvester, watoze basi. Anza na mimi."

Kila mtu alimwangalia baba. Shangazi, niliogopa kuliko siku ya kikao. Siku ile nilikuwa peke yangu, sasa nilikuwa nimeuingiza mji wote hatiani, na bibi kati yao. Baba alimwangalia Masalu muda mrefu. Halafu akasema maneno ambayo sikuyaelewa. Alisema, "Kuna kaburi huko Meatu lilinihusu. Sikulichimba. Hakuna aliyenitoza hata kuku."

Akaninyooshea mikono. Nikammiminia maji, akanawa. Akaenda kukaa sinia lile lile, mzee Mashimba akasogea, akameza.

Hakuna aliyesema kwamba Masalu amefunguliwa. Ila leo asubuhi Shida amekwenda kisimani saa ile wanayokwenda wenzake, na mashineni wamemsagia.

Usiniulize kama nilifanya kwa imani au kwa ubishi. Baba hajaniuliza tena, na mimi sijui. Nimeona tu kwamba semina ya mwakani nitaongea kidogo.

Kaburi hilo la Meatu sikumuuliza ni la nani. Nadhani unalijua wewe.

Mwanao,
Josia


Mwandoya, 25 Januari 2026

Josia mwanangu,

Barua yako ya Agosti niliisoma siku iliyofika. Nikaisoma tena Septemba, na Novemba. Kila nilipotaka kujibu, mteja alikuja. Unaweza kushangaa wateja wa chumvi walivyo wengi.

Sasa mama yangu hayupo, na mteja hana tena maana.

Juzi hatukupata nafasi ya kuongea, watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa sina sauti. Mto ulijaa, hiyo ni kweli, muulize Dastan. Basi lilisimama ng'ambo tangu mchana hadi kesho yake. Nilipofika udongo ulikuwa umesharudishwa na maua ya plastiki yamewekwa. Nimezaliwa na mwanamke huyo, na kaburi lake nimelikuta limefungwa. Hakuna aliyenitazama vibaya. Mama yako alinipa uji. Mzee Mashimba aliniambia mto hauna adabu.

Nilipokuwa nimekaa pale na uji wangu ndipo nilipomfikiria kaka yangu. Siku ya mazishi ya mume wangu hakuja. Mimi niliwahesabu wenye majembe uani mpaka jioni, nikamtafuta kati yao. Sikumuuliza sababu, si siku ile wala baadaye. Nilisubiri aanze. Nadhani na yeye alisubiri niulize. Wewe ulimnyooshea mtu mkono kanisani ukatozwa mbuzi. Mimi nimemtenga ndugu yangu bila kikao, nikiwa nakwenda komunyo kila Jumapili, na hakuna aliyenitoza kitu.

Uliniomba ndiyo au hapana Machi ya mwaka jana. Ilikuwa ndiyo. Niliijua, na niliizuia kwa sababu ningekujibu wewe ningekuwa nimejijibu na mimi.

Basi hii hapa, na karatasi imetosha. Msalimie baba yako. Msomee mwenyewe, kwa sauti: Sylvester kaka yangu, mwangaluka. Nitakuja mwezi ujao kulala. Nitamuuliza ile sababu, na yoyote atakayonipa nitaichukua.

Nataka uniambie mambo mawili. Wanawake tulikuwa ndani, na mimi hata ndani nilichelewa. Kaburi la mama lilichimbwa na nani? Na huyo Masalu, alipata kusema kwa nini hakwenda kwenye ile misiba?

Shangazi yako


Migato, 8 Februari 2026

Shangazi, shikamoo. Tuko wazima, Joyness ana mafua.

Salamu nilimsomea baba akiwa anakamua. Hakugeuka. Akasema nisome tena. Nikasoma. Akauliza kama unakula samaki siku hizi, au bado unawakataa. Nikasema sijui. Amesema atanunua kuku.

Masalu nilimuuliza juzi, tukiwa tunapalilia. Msiba wa mzee Ndalahwa alikuwa porini, anatafuta ndama aliyepotea, akarudi watu wameshatawanyika. Msiba wa pili alishindwa kuja kwa aibu ya ule wa kwanza. Kikao kilipomuuliza, aliona sababu yenyewe ni ndogo mno kuitaja mbele ya watu wazima. Hiyo tu.

Kaburi la bibi walichimba wote, shangazi. Hakukosekana hata mwanaume mmoja wa nzengo, mvua inanyesha. Mzee Mashimba alishika jembe mpaka wakamnyang'anya. Mimi nilichimba upande wa kichwani na baba. Masalu alifika kabla hakujapambazuka vizuri, akapewa upande wa miguuni.

Upande wake ulipinda, ikabidi baba aunyooshe.

Josia